Kaburi la Babu Nitalipataje?

Tangu nilipotaja katika safu hii kwamba sisi wachache hapa Tanga tunajitolea kunakili majina ya makaburini na kuwasindikiza wageni wanaotafuta makaburi ya watu wao, barua zimekuwa zikinifikia kila wiki, nyingine zimeandikwa kwa mkono kwenye karatasi za daftari la shule. Nimechagua tano. Majina ya walioandika nimeyaacha, nikabakiza mahali wanapoandikia.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Babu yangu mzaa baba aliondoka Kasulu kwenda Tanga kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, na tunaambiwa alifia huko baada ya Vita Kuu ya Pili na kabla ya Uhuru. Baba amefariki bila kuliona kaburi la baba yake. Tulichonacho ni jina lake moja tu na karatasi ngumu iliyochakaa, yenye vyumba vyumba kama kalenda. Nianzie wapi? (Mjukuu, Kasulu)

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu, na pole kwa kufiwa na baba. Anzia kwenye hiyo karatasi ngumu, kwa maana kwa maelezo yako inaelekea kuwa ni kipande. Kibarua wa mkonge alipewa kipande chenye vyumba 30. Kila siku aliyoimaliza kazi yake chumba kimoja kilitiwa alama, na vilipojaa vyote ndipo alipolipwa. Kipige picha pande zote mbili kwenye mwanga wa dirishani, usikilainishe kwa maji wala kukibandika kwa gundi, kisha utazame kama kuna namba au jina la shamba lililosalia. Manamba waliitwa hivyo kwa sababu ya namba waliyopewa walipoandikishwa, na kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha na kusafirisha vibarua, iliyojulikana kama SILABU, iliyowachukua watu kutoka mbali, ukiwemo upande wenu wa Kigoma. Huenda namba hiyo ikakufaa kuliko jina.

Nasema hivyo kwa sababu jina ndilo linalowapoteza wengi. Karani aliandika alichosikia, na jina la Kiha lililopita katika sikio la Mbondei au Mdigo, kisha likaandikwa kwa tahajia ya Kizungu, laweza kutoka likiwa halitambuliki hata na mwenyewe. Kambini nako watu waliitana kwa kabila, kwa kazi au kwa utani. Kabla hujapanda basi, watafute wazee wa kwenu waliowahi kwenda Tanga wakarudi, uwaulize babu aliitwaje huko, alikuwa mkataji au alifanya kazi korona (ndiyo mashine ya kuchakata majani ya mkonge, na kiwanda chake chote huitwa hivyo), na alikuwa akiswali au akisali, kwa maana dini yake ndiyo itakayotuonyesha upande alikozikwa.

Jambo jingine ni shamba. Mtu aliyeaga kwao akisema anakwenda Tanga hakuwa na maana ya mji huu wenye bandari. Mashamba ya mkonge yalitapakaa kuanzia karibu na hapa, Pongwe na Ngomeni, yakafuata njia ya reli kupitia Muheza hadi Korogwe na Mombo, na mengine yakashuka upande wa Pangani, kiasi kwamba manamba angeweza kufanya kazi miaka kumi, akafa, akazikwa, asiione bahari hata mara moja. Kila shamba kubwa lilikuwa na kambi zake, na kambi nyingi zilikuwa na makaburi yake. Mashamba mengi yalitaifishwa 1967, mengine yakauzwa tena baadaye, na katika kuhama kwa ofisi karatasi nyingi za vibarua zilitupwa au zikaliwa na mchwa. Usitegemee mno pia kitabu cha vifo cha serikali, kwa kuwa kwa kipindi kirefu cha ukoloni usajili wa vifo vya Waafrika haukuwa wa lazima. Hata hivyo kuuliza hakugharimu sana: waone RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, au ofisi ya Katibu Tawala wa wilaya husika, ukiwa na mwaka wa kukisia. Kama babu alikuwa Mkristo, parokia zina madaftari ya ubatizo, ndoa na mazishi, na madaftari hayo ndiyo yaliyotufaa sisi zaidi kuliko karatasi nyingine yoyote.

Baada ya hapo ni wazee. Nikupe mfano mmoja. Tulimpeleka mgeni kutoka Njombe katika kambi moja ya zamani njia ya Muheza, ambako mkonge umeachwa ukawa pori. Mwenyeji wetu alikuwa mzee aliyepita miaka themanini, aliyekuja hapo kijana na hakurudi kwao. Alisimama chini ya mkwaju, akavua kandambili, akaanza kuhesabu safu kwa fimbo, akitaja kila tuta kwa jina la kambini: huyu Mpishi, huyu Mnyasa, huyu Fundi Tela, huyu mtoto wa Nyapara. Kaburi la nane lilikuwa na bamba dogo la saruji, na juu yake kulikuwa na herufi zilizochorwa kwa msumari saruji ikiwa bado mbichi, herufi S zote zikiwa zimegeuzwa. Kwa macho ya saa tano za mchana hazikusomeka. Tulilitia kivuli kwa kanga, tukaelekeza mwanga wa jua kwa kioo cha kunyolea kutoka ubavuni, na zile herufi zikajitokeza moja moja hadi mgeni wetu akasoma jina la babu yake mwenyewe kwa sauti. Mzee alikuwa amekwisha kumwambia kabla ya kioo kwamba ndilo.

Mzee yule alitutajia safu tatu, jua likawa kali, tukaahidiana kurudi kwa ajili ya safu ya nne. Alifariki kabla hatujarudi. Safu ya nne ina matuta kumi na saba, na katika daftari letu kila tuta lina namba na mahali patupu pa jina. Nakueleza haya, mjukuu wangu, ili usingoje likizo ya mwakani.

Nikuombe na jambo moja zaidi. Ukifika na tukakosa kaburi lenyewe, usikubali mtu akuonyeshe tuta lolote ili usirudi mikono mitupu. Tutakupeleka kwenye makaburi ya kambi aliyofanyia kazi, tukuambie wazi kwamba yumo humu na hatujui ni lipi, nawe utawaombea wote waliomo.

SWALI: Mwalimu, mimi ni dereva wa bodaboda hapa Raskazone. Mara kwa mara napata wageni wa Kizungu na Kihindi wenye jina la babu yao aliyekufa katika vita vya 1914 hapa Tanga, na wanataka niwapeleke kaburini. Nimewahi kumpeleka mmoja kwenye makaburi mawili yote yakawa siyo, akaondoka analia. Nifanyeje ili nisiwapotezee muda? (Dereva, Raskazone)

JIBU: Kwanza nakushukuru kwa kuona uchungu wa mgeni yule, maana wengine wangehesabu nauli tu. Huko unakoegesha pikipiki ndiko walikoshukia. Meli zilizotoka India zilifika mwanzoni mwa Novemba 1914 zikiwa na watu wapatao 8,000, Waingereza na Wahindi, chini ya Jenerali Aitken. Wakateremka Raskazone, na kati ya tarehe 3 na 5 wakashindwa na jeshi la Wajerumani na askari wao Waafrika, waliozidi kidogo 1,000, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Hata nyuki walioshtushwa na risasi wakawashambulia watu wa pande zote mbili. Jeshi lililoshindwa lilirudi melini kwa haraka na kuwaacha wengi wa maiti wake, kwa hiyo waliozikwa hapa wengi walizikwa na adui yao, kwa pamoja, na si kila mmoja na shimo lake. Mgeni anayetarajia kuona jiwe moja lenye jina moja anapaswa kuelezwa hivyo kwa upole kabla hamjaondoka, si baada ya kufika.

Mwombe akuonyeshe karatasi au simu yake. Mara nyingi atakuwa amelitoa jina katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa 1917, ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta bila malipo kwenye intaneti. Orodha hiyo hutaja jina la makaburi yenyewe, kisha safu na namba ya kaburi, au namba ya kibao. Ikiwa imetaja kibao, jina limeandikwa ukutani kwa ajili ya kumbukumbu na hapana kaburi la peke yake la kulitafuta. Ikiwa babu alikuwa upande wa Wajerumani, Tume hiyo siyo ya kuulizwa, na ni vema kumleta kwetu kwanza. Angalia pia mwaka: aliyekufa 1916 au 1917 yawezekana hakufa katika vita hivi vya mjini, na wakati mwingine jina la Tanga limeandikwa tu kwa kuwa ndipo hospitali ilipokuwa.

Sasa nikugeuzie swali. Katika vita vile, na miaka minne iliyofuata, waliobeba risasi, unga na majeruhi walikuwa wapagazi wa Kiafrika, waliochukuliwa kwa maelfu na pande zote; Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza. Mwaka 2021 Tume hiyohiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuenziwa kwa majina yao, na pengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Kwa wengi wao hakuna orodha ya kutafuta simuni. Kwa hiyo siku utakayokuwa umempeleka Mzungu kwenye jina la babu yake, ukirudi nyumbani muulize mama yako na shangazi zako kama yuko mtu wa ukoo wenu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita asirudi. Wakikutajia jina, hata moja, uniletee. Daftari la hao tunalo, na mpaka sasa lina kurasa chache mno.

SWALI: Assalam alaykum. Familia yetu ya Ngamiani imegawanyika. Vijana wanataka kuweka mabamba yenye majina kwenye makaburi ya wazazi wetu ili yasipotee. Wakubwa wanasema kuandika juu ya kaburi kumekatazwa. Nyinyi mnaoandika makaburi mna msimamo gani? (Dada mkubwa, Ngamiani)

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Fatwa si kazi yangu, na hilo mlipeleke kwa sheikh mnayemwamini. Ninaloweza kukueleza ni kwamba wakubwa wenu hawakubuni: imepokewa kutoka kwa Jabir kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kaburi kutiwa plasta, kukaliwa na kujengewa, na katika mapokezi mengine kumetajwa pia kuliandika. Wapo wanavyuoni walioona kwamba kuandika jina tu kwa ajili ya kutambua kunavumilika, na wapo waliokataa. Imepokewa vilevile kwamba alipozikwa Uthman bin Madh'un, Mtume aliweka jiwe upande wa kichwani ili alitambue kaburi lake. Jiwe lile halikuwa na maandishi.

Sisi hatuandiki chochote juu ya kaburi la mtu. Tunachora ramani ya uwanja katika daftari, tunaanza kupima kwenye kitu kisichohama, kama pembe ya ukuta wa msikiti, na kila kaburi linaandikwa umbali wake kwa hatua na kwa mita: safu ya pili kutoka ukutani, la tano kutoka mwembeni, jiwe la kichwani la matumbawe, la miguuni halipo, kwa maelezo ya binti wa marehemu. Mjukuu atakayekuja miaka hamsini ijayo ataweza kulifikia kaburi hilo na kusoma dua yake bila ya neno hata moja kuchorwa juu ya udongo. Wakubwa na vijana wenu, nadhani, wanaweza kukubaliana juu ya daftari wakati bado wanajadiliana juu ya bamba. Njooni Ijumaa baada ya swala, mje nyote.

SWALI: Sisi ni vijana wa kijiji kilicho njia ya Pangani. Tumechangishana fedha tununue saruji na chokaa tuyatengeneze makaburi ya kale ya Tongoni yanayoanguka. Je, tuanze na lipi? (Vijana, njia ya Pangani)

JIBU: Msianze na lolote, wanangu. Fedha hizo zishikeni kwanza. Makaburi ya Tongoni, yenye nguzo zake, na ambayo yanazidi arobaini, ni ya karne nyingi zilizopita, nayo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inayohusu majengo na makaburi yaliyokuwapo kabla ya 1863. Kuyagusa bila kibali ni kosa, hata kama nia ni njema. Tena saruji ni adui wa matumbawe: ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, huzuia unyevu usitoke, na chumvi ya bahari ikikwama ndani jiwe humomonyoka nyuma ya kiraka. Hata mzizi wa mti uliopenya kaburini msiung'oe, kwa sababu mara nyingi ndio ulioshikilia ukuta. Mwoneni mhifadhi wa pale, mwulizeni kama anahitaji nguvu za kufyeka njia na kuwaongoza wageni, na hiyo michango inunueni mapanga, maji ya kunywa na nakala za ramani.

Kwa kuwa mpo upande huo, kuna kazi nyingine isiyohitaji kibali cha mtu ila cha wenye ukoo. Wageni wanaofika Machui kuuliza kaburi la Shaaban Robert, aliyefariki 1962, hupata wa kuwaelekeza kwa sababu ya umaarufu wake. Wavuvi, walimu wa madrasa na wakunga waliozikwa vijijini mwenu miaka hiyohiyo hawana wa kuwaelekeza. Anzeni na hao.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Muheza. Wapimaji wa barabara wameweka alama nyekundu karibu na makaburi ya mtaa wetu, na wazazi wameniomba niandike nani kazikwa wapi kabla mambo hayajaharibika. Nina simu janja na madaftari. Nifanyeje kazi hii isije ikakosewa? (Mwalimu, Muheza)

JIBU: Mwalimu mwenzangu, umefanya vema kuanza kabla ya tangazo. Kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969: ardhi ikitakiwa kwa manufaa ya umma, lazima taarifa itolewe, wenye marehemu wana haki ya kushiriki au kuhamisha wenyewe, na fidia ni ya gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na ibada zinazoambatana na kazi hiyo. Haki hiyo humfikia aliyejulikana kuwa ni mwenye marehemu. Tuta lisilo na jina halina wa kulidai.

Simu chukua kwa picha, lakini usiitegemee kwa mahali. Alama yake ya ramani hupotoka mita tatu, nne, hata zaidi chini ya miti, na makaburi yetu yamekaribiana kuliko hivyo. Ramani ichore kwa mkono, kwa penseli, kwa kuwa wino hutawanyika ukiloa. Kila kaburi lipe namba yake kwenye karatasi. Usisugue jiwe kwa brashi ya waya, usikoze maandishi kwa chaki wala mkaa. Maji safi na kitambaa laini vinatosha, na penye ukungu mgumu paache. Nakili kilichopo kama kilivyo, pamoja na makosa yake.

Hilo la mwisho nilijifunza kwa aibu. Mwaka wa kwanza wa kazi hii nilikuta bamba lililovunjika, lenye herufi nne za mwisho wa jina, nami nikajaza zilizokosekana kwa kuwa nilidhani naijua familia ile. Watu wakaja kutoka Dar es Salaam, wakafagia, wakasoma khitma, wakarudi mwaka uliofuata wakafanya hivyohivyo. Kisha bibi mmoja jirani akatueleza kwamba hapo amelala mumewe. Niliwafuata wote wawili, yule bibi na ile familia, nikawaomba radhi. Tangu siku hiyo pasiposomeka naacha nafasi, na kila jina lina neno mbele yake: limesomwa kwenye jiwe, au limesemwa na fulani, tarehe fulani. Wasemaji wawili wakitofautiana ninaandika kauli zote mbili.

Daftari likijaa, nakili mara mbili: moja libaki kwa kamati ya makaburi au msikitini au parokiani, moja ofisi ya mtaa, na picha ziwe mahali pa tatu. Wanafunzi wako wa darasa la sita na la saba wanaweza kushika kamba ya kupimia na kuandika namba, na kwa uzoefu wangu hufanya hivyo kwa heshima kubwa kuliko watu wazima, mradi wazazi wao wameridhia.

Jumamosi yako ya kwanza usikimbilie mawe, kwa sababu mawe yatakungoja. Mtafute yule mzee au bibi anayewajua waliomo, mletee kiti mumweke kivulini, mmpe chai, na mmwombe aanze na safu isiyokuwa na jiwe hata moja.